Kabla Hujaiacha Sukari: Neno kwa Wanywaji Chai, Wapishi na Wauza Juisi wa Kigoma

Kwenye vibanda vya chai vya Mwanga, vya Ujiji na vya mwalo wa Kibirizi, mteja wa siku hizi anauliza jambo ambalo zamani halikuulizwa: "Mama, huna kitu kingine badala ya sukari?" Anaweza kuwa mwalimu aliyeambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda, au kijana anayeona kitambi kinamtangulia, au mama mjamzito aliyetahadharishwa na muuguzi. Muuzaji naye anahangaika. Anaweka chupa ya asali mezani, anaagiza vidonge vya utamu duka la dawa, anaandika ubaoni "juisi haina sukari", na moyoni hana hakika kama anamsaidia mteja wake au anampotosha.

Mahitaji haya yana sababu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, yaani karibu mtu mmoja kati ya kumi na mmoja. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria watu wazima wenye ugonjwa huo nchini kuwa milioni 2.9. Na mfuko nao unasema. Mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani, kilo moja ya sukari iliuzwa zaidi ya shilingi 4,000 sehemu mbalimbali za nchi. Sisi wa huku mwisho wa reli, ambao sukari yetu hutoka Kilombero, Mtibwa, Moshi au Kagera, hatuhitaji kuelezwa bidhaa inayosafiri mbali inavyokuwa ikiadimika.

Ila watu wengi wanaitafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa. Wanauliza waweke nini badala ya sukari, kabla hawajajiuliza kijiko kile cha sukari kilikuwa kinafanya kazi gani. Kwenye chai kinatia utamu tu. Kwenye unga wa maandazi kinalisha hamira na kuleta rangi ya kahawia. Kwenye juisi na jemu nzito kinasaidia kuzuia kuharibika. Kwenye maji ya mtu anayeharisha kinabeba chumvi kuiingiza mwilini. Kazi ni mbalimbali, na hakuna kitu kimoja kinachoziweza zote. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa unatoka kwenye swali hilo: hapa sukari ina kazi gani?

Tuanze na chai, maana ndiko sukari nyingi ya nyumbani kwetu inakokwenda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25. Kijiko cha chai cha msawazo kinabeba gramu 4 hivi, kwa hiyo tunazungumzia vijiko sita kwa siku nzima, ukihesabu chai, uji, maandazi na soda pamoja. Chupa ya kola ya mililita 350 peke yake ina gramu 37 hivi, karibu vijiko tisa. Na shirika hilo linapohesabu sukari ya kuongezwa linaingiza humo asali na sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda, hata kama muuzaji hakutia punje moja kwa mkono wake. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya zaidi.

Nenda Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wanapotoka ziwani na baridi ya usiku bado imo mifupani. Chai ya rangi inamiminwa kwenye kikombe cha plastiki juu ya sukari iliyotangulizwa, inakorogwa mara mbili tatu, inanyweka haraka. Angalia kikombe kikiisha: chini imebaki tabaka ya punje ambazo hazikuyeyuka. Mtu amelipia utamu ambao ulimi wake haukuupata. Ukiona mabaki hayo kwenye kikombe chako, hapo pana kijiko kizima cha kupunguza leo hii bila kuhisi tofauti yoyote.

Baada ya hapo punguza polepole. Anayekunywa vijiko vinne akiamka siku moja akanywa chai kavu, kesho yake atarudi kwenye vinne, na pengine ataongeza cha tano kwa hasira. Ondoa nusu kijiko, kaa na hali hiyo wiki moja au mbili, kisha ondoa nusu nyingine. Ulimi hujifunza. Baada ya muda ile chai ya vijiko vinne uliyoipenda itakuchefua. Katika kipindi hicho mpe mtu kitu cha kuhisi kinywani: tangawizi iliyopondwa vizuri, mdalasini, mchaichai wa bustanini, iliki kama ipo. Mdalasini na iliki vina harufu ambayo akili yetu imezoea kuihusisha na vitu vitamu, kwa hiyo kikombe kinaonekana kitamu kuliko kilivyo. Maziwa nayo yana utamu wake mdogo wa asili.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya wazee: acha utamu uwe kwenye chakula, chai iwe chungu. Kiazi kitamu cha kuchemsha na chai kavu. Muhogo mtamu wa kuchemsha na karanga. Majirani zetu wa Tabora na Shinyanga wana matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambavyo mtu hutafuna huku akinywa kikombe chake bila kuulizia sukari. Mwenye kisukari akumbuke kwamba kiazi na muhogo ni wanga, na wanga huishia kuwa sukari kwenye damu, kwa hiyo kwake kiasi ndicho kinachohesabiwa: kipande kimoja cha wastani, na pembeni kitu chenye protini kama karanga au dagaa. Lakini kiazi kinakuja na nyuzinyuzi na kinashibisha, jambo ambalo vijiko vinne vya sukari havikupi.

Wewe mwenye kibanda, nunua birika la pili. Hilo ndilo badiliko kubwa unaloweza kulifanya kwa gharama ndogo. Birika moja la chai isiyotiwa kitu, na sukari iwe mezani kwenye bakuli yenye kijiko kidogo. Mteja anayetaka tamu atajitilia. Anayeogopa sukari ataachana na yule jirani yako anayetia sukari kwenye sufuria nzima, atakuja kwako kila siku.

Sasa asali, na hapa nitakaa, kwa sababu ni mali yetu.

Misitu ya miombo ya Kibondo, Kakonko, Kasulu na Uvinza inatoa asali nzuri sana, na Kigoma, pamoja na Tabora na Katavi, imo katika ukanda mkuu wa ufugaji nyuki nchini. Umoja wa Ulaya umefadhili mradi wa kuendeleza mnyororo wa thamani wa nyuki katika mikoa hii ya magharibi, na matokeo yake yanaonekana madukani: chupa safi zenye lebo, vikundi vyenye majina, vipimo vya unyevu. Nataka kila nyumba ya Kigoma iwe na chupa hiyo. Lakini sitaki mtu mwenye kisukari aambiwe kwamba asali haipandishi sukari. Inapandisha.

Asali ni sukari kwa karibu asilimia 80 ya uzito wake, nyingi ikiwa fruktosi na glukosi. Kinachobaki ni maji na vitu vidogo vidogo vinavyoipa harufu, rangi na dawa yake. Na ni nzito. Kijiko cha chai cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, kwa hiyo kinabeba sukari ya gramu 5 na zaidi, wakati kijiko cha sukari ya dukani kina gramu 4. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza sukari huku akiamini kwamba amepunguza. Faida ya asali iko penginepo: ina ladha kali, kwa hiyo nusu kijiko kinaweza kutosha mahali pa kijiko kizima. Hapo ndipo hesabu inapokuwa nzuri. Itie chai ikishapoa kidogo, kwa sababu moto mkali unaifukuza harufu uliyoilipia. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba kidoleni, hata kama bibi anasema watoto wake wote walilambishwa. Asali huweza kubeba vimelea vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti.

Kuhusu kuitambua asali halisi, naomba tuachane na majaribio ya njiani. Kuwasha kiberiti kilichochovywa, kudondoshea asali kwenye maji, kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, kuimimina mchangani, yote haya mjanja anayechemsha sukari anajua namna ya kuyapita, na asali safi yenye maji kidogo zaidi inaweza kuyashindwa. Kuganda nako si ushahidi wa kuchakachuliwa. Asali nyingi halisi huganda zikikaa, hasa kukiwa na baridi. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu itarudi. Unachoweza kufanya ni kununua kwa kikundi au mfugaji unayemfahamu, kusoma lebo yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, na kuuliza kiwango cha unyevu. Viwango vya kimataifa vinataka kisizidi asilimia 20. Asali yenye maji mengi huchacha.

Nyuki wadogo wasiouma nao wana asali yao, chachu kidogo, nyepesi, na bei yake ni kubwa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba katika asali ya baadhi ya nyuki wa aina hiyo wa Malaysia, Australia na Brazil walikuta sukari iitwayo trehalulosi, ambayo huingia kwenye damu taratibu. Ni habari njema kwa sayansi. Lakini nyuki waliopimwa ni wa huko, na wauzaji wasiichukue habari hiyo wakaibandika kwenye chupa ya Uvinza na kumwambia mgonjwa wa kisukari ajinywee.

Sukari ya kahawia na sukari guru nitazipita haraka. Ile ya kahawia ya viwanda vyetu ni sukari ile ile ikiwa na mabaki kidogo ya molasi. Sukari guru ina madini kiasi, ila ungelazimika kuila kwa wingi wa hatari ili madini hayo yakufae. Chagua kwa ladha na kwa bei, usichague kwa afya.

Tende ni mjadala mwingine. Ujiji, mwezi wa Ramadhani, hakuna futari isiyo na tende, na ni desturi nzuri. Tende kavu ni sukari kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake, lakini inakuja na nyuzinyuzi na madini, na mtu hali tende kama anavyobugia soda. Ukiloweka tende nne au tano usiku, ukazisaga na kuzichanganya kwenye sufuria ya uji wa familia, umepata utamu wenye chakula ndani yake. Mwenye kisukari anayefunga ahesabu tende zake, moja au mbili, na azungumze na daktari wake mapema kabla mwezi haujaandama, hasa kuhusu saa za kumeza dawa.

Uji wa watoto una siri nyingine isiyogharimu kitu. Chukua kimea cha ulezi, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Pika uji mzito, uepue, uache upoe mpaka uvumilie kidole, kisha tia kijiko cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji unalegea na kuwa mtamu, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari nyepesi. Urudishe motoni uchemke, ndipo umpe mtoto. Mtoto anapata uji wenye unga mwingi unaomezeka kirahisi, na hujaongeza sukari hata kidogo. Akina mama wa nyanda za juu kusini wanaijua kazi hii kwenye togwa. Nasisitiza ulezi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu inayohitaji uangalifu wa kuyaondoa. Na utamu huu wa kimea, kwa mtu mzima mwenye kisukari, bado ni sukari.

Nije kwenye matunda na juisi, ambako biashara inakua haraka. Kigoma haina uhaba wa matunda. Maembe ya Ujiji yana historia ambayo hata mgeni anaijua. Ni chini ya mwembe ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Tuna mananasi, mapapai, ndizi, na msimu wake ukifika kuna mabungo na mbula kutoka porini. Tunda lililoliwa zima ni rafiki wa mtu yeyote, hata mwenye kisukari, kwa kiasi. Lakini tunda likisagwa na kuchujwa, nyuzinyuzi zikabaki kwenye chujio, glasi moja inabeba utamu wa matunda matatu yanayomezwa kwa dakika moja. Ukiwa na uchaguzi kati ya embe na juisi ya embe, kula embe.

Kwa muuza juisi nina mambo ambayo naomba ayachukue kwa uzito. Ubao unaosema "haina sukari" juu ya juisi ya nanasi unasema uongo, hata kama hukuongeza kitu. Andika "hatujaongeza sukari". Mgonjwa anaposoma ubao wako anaamua maisha yake kwa maneno yako. Mabungo na ukwaju ni chachu, na wengi hutia sukari nyingi kuufunika uchachu. Jaribu kuchanganya mabungo na embe bivu sana au nanasi lililoiva mpaka kunukia. Utamu wa tunda moja unabeba uchachu wa lingine, na sukari inapungua sana. Kisha kumbuka kazi ile nyingine ya sukari. Sharubati nzito yenye sukari nyingi inakaa siku kadhaa, juisi isiyoongezwa sukari huharibika upesi. Tengeneza ya siku hiyo, kwa maji yaliyochemshwa, iweke kwenye baridi, na iliyobaki jioni usiiuze kesho. Usafi huu una gharama, kwa hiyo usione haya kuipandishia bei kidogo juisi ya namna hiyo. Mteja anayeitafuta yuko tayari kuilipia, ukimweleza kwa nini.

Maandazi nayo. Hapa sukari inafanya kazi zaidi ya moja, kwa hiyo ukiiondoa yote utapata andazi jeupe, gumu, lisilo na harufu. Punguza robo kwanza. Hakuna mteja atakayegundua. Ukitaka kwenda mbele, ponda ndizi mbivu zile zenye ngozi nyeusi ambazo sokoni wanakupa kwa bei ya kutupa, ukandie unga kwazo pamoja na iliki. Ukitumia asali, robo tatu ya kikombe inatosha mahali pa kikombe kimoja cha sukari. Punguza maji ya kukandia, na punguza moto, maana asali huungua mapema na andazi litakuwa jeusi nje na bichi ndani. Vidonge na unga wa utamu bandia havilishi hamira wala havileti rangi. Na tukubaliane kwamba andazi lisilo na sukari, likikaangwa kwenye mafuta mengi, bado ni andazi. Kula moja.

Ndiyo, vidonge. Duka la dawa lolote mjini linaweza kukuuzia leo, na soda zisizo na sukari zimo kwenye majokofu ya Kigoma kama zilivyo Dar es Salaam. Huko duniani biashara hii ilisukumwa sana na kodi: Uingereza na Afrika Kusini zote zilianza kutoza vinywaji vya sukari Aprili 2018, na viwanda vikapunguza sukari na kujaza pengo kwa vitia utamu vingine. Soma lebo. E951 ni aspatemu, E954 ni sakarini, E955 ni sukralosi, E960 ni dondoo la stevia. Utamu wake ni wa ajabu: aspatemu huzidi sukari mara 200 hivi, sukralosi mara 600. Kwa sababu kinachohitajika ni chembe tu, pakiti ndogo hujazwa unga mwingine, mara nyingi glukosi au maltodekstrini, ambavyo ni wanga wa kweli. Pakiti moja haina neno. Pakiti kumi kwa siku ni habari nyingine.

Je, ni salama? Mwezi Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatemu katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, kwa ushahidi hafifu, na wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viongezi vya chakula ikabakiza kiwango cha zamani cha usalama: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 hafiki huko kwa vidonge vya chai. Kilicho na uzito zaidi kwangu ni ushauri wa Mei mwaka huo huo: shirika hilo lilisema vitia utamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, kwa sababu ushahidi hauonyeshi faida ya muda mrefu. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwao, kidonge kwenye chai kinaweza kuwa daraja zuri la kuvukia kutoka vijiko vinne kwenda sifuri. Kwa kijana mwenye kitambi, soda isiyo na sukari inamwacha na ulimi ule ule unaodai utamu kila saa, na jioni ulimi huo utampeleka kwenye keki. Watoto wasizoeshwe kabisa. Maji yapo.

Stevia inastahili neno lake, kwa sababu ni mmea na watu wanauliza kama wanaweza kuupanda. Asili yake ni Paraguay, na jirani zetu wa Kericho, Kenya, wameulima kibiashara kwa ajili ya kampuni za nje. Utamu wa dondoo lake ni mara 200 hadi 300 ya sukari, na wataalamu wamelipitisha dondoo lililosafishwa. Majani makavu yenyewe, Marekani kwa mfano, hayajapitishwa kuwa kiungo cha chakula cha kuuza. Ukipata mche, uweke kwenye chungu nyumbani, chuma jani moja kwa kikombe chako. Ila usikimbilie kung'oa mihogo kupanda ekari za stevia kabla hujamwona mnunuzi kwa macho na kushika mkataba wake.

Zipo hali mbili ambamo sukari haina mbadala, na mtu akikosea hapo anaweza kupoteza maisha.

Ya kwanza ni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, sukari yake ikashuka ghafla. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anachanganyikiwa, anaweza kugomba kama mlevi. Huyo anahitaji sukari halisi papo hapo: vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari au kidonge cha utamu havimsaidii chochote. Subiri dakika 15, mrudie kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwa hiyo nyumba iliyoacha sukari kwa ajili ya mgonjwa, iweke pakiti moja kabatini kwa ajili ya mgonjwa huyo huyo, na kila mtu ajue ilipo.

Ya pili tunaijua sisi wa mwambao huu kwa uchungu. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kwenye kijiji cha Kagunga na MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, kipindupindu kiliingia kikaua watu. Kinachookoa mtu anayeharisha ni maji yenye chumvi na sukari kwa pamoja, kwa sababu utumbo hupokea chumvi haraka inapoambatana na glukosi, na maji hufuata. Ukiondoa sukari, chumvi haipiti sawasawa. Aspatemu au stevia ina utamu lakini haina glukosi, kwa hiyo haina msaada hapo. Tumia pakiti ya ORS. Ikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vya msawazo, na nusu kijiko cha chumvi, huku ukitafuta kituo cha afya.

Na kabla ya yote haya, jua hali yako. Watu wengi wanabadilisha sukari kwa asali kwa hofu ya ugonjwa ambao hawajaupima, na wengine wanao na hawajui. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, asubuhi kabla hujala kitu, utoe tone la damu kidoleni. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 6.1 kwa lita, endelea kupunguza sukari taratibu kwenye chai yako. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mwili wako unakuonya, na huu ndio wakati wa kubadilika. Kikifika 7.0 au zaidi, rudi upimwe mara ya pili siku nyingine, na usianze dawa, asali wala majani yoyote kwa maneno ya jirani kabla daktari hajakuona.